Pete ya Kijivu Chini ya Pipa

4 Februari

Mwanangu,

Maisha yako yote nimeificha familia jambo moja, na kwa kuwa umeuliza, nalisema: lile pipa ulilolikuta stoo si la baba yako. Nililitengeneza mimi.

Najua utairudia sentensi hiyo. Mimi mwalimu wa kemia, mimi mkuu wa shule, niliyewafukuza wavulana darasani kwa kunusa tu pumzi zao. Nilikuwa napika bia nyumbani kwa mdogo wangu, kila mwisho wa wiki, na nikipita barabarani Jumatatu asubuhi watu walinivulia kofia.

Unauliza linatumikaje. Unasema baba yako ukimtajia pipa anageuka kutazama ukuta. Basi acha nikueleze mimi, kabla mkono haujanigomea. Sauti ilinitoka tangu waliponipasua koo. Hapa kwenye nyumba ya wazee hata chai naiomba kwa kuandika kwenye kibao, na simu kwangu ni pambo. Daktari ameacha kunipa tarehe za kurudi, nami nimeacha kumwuliza.

Bia huanza na kimea, yaani nafaka iliyooteshwa kidogo kisha ikakaushwa. Ukikisaga ukakiloweka kwenye maji ya moto, wanga wake hugeuka sukari. Lakini joto lake linataka kudekezwa. Likizidi, linaua kile kinachofanya kazi. Likipungua, unabaki na uji. Linatakiwa lisimame palepale, nyuzi sitini na tano hivi, kwa saa nzima, bila moto chini. Hiyo ndiyo kazi ya pipa: kushika joto, kisha kuachia maji matamu na kubakiza machicha.

Nilichukua mapipa mawili ya bati, dogo nikalitumbukiza ndani ya kubwa, na katikati nikashindilia unga wa mbao kutoka kwa seremala. Chini ya lile dogo nililaza mabomba ya shaba yaliyoungana kama ngazi. Niliyapasua kwa msumeno wa chuma upande wa chini, mipasuo myembamba ya kupitisha maji na kuzuia nafaka. Ngazi ile nikaiunga na koki. Lile pipa la ndani lilikuwa linavuja kwenye mshono, nikaliziba. Baba yako kazi yake ilikuwa kushika taa na kunichekesha. Pipa likakaa kwake kwa sababu nyumba ya mwalimu ina wageni kila saa, na kinyozi kama yeye hakuna anayemkagua.

Maji matamu yakishatoka unayachemsha na maua machungu yanayoitwa hopsi, unayapoza, unayarudisha pipani kama tulivyofanya sisi, unatia hamira. Hamira sina la kukufundisha, wewe ndiye mwokaji wa mikate.

Sasa nisikilize. Lile pipa usilitumie. Limezeeka, na kutu haina adabu. Chukua kasha la plastiki la kuwekea barafu, linashika joto vilevile, ulitoboe uweke koki. Lile la zamani litupe.

Baba yako Mkubwa


19 Februari

Shikamoo Baba Mkubwa,

Barua yako niliisoma nimesimama, nikatafuta kiti, nikaisoma tena. Wewe? Na zile kadi zote ulizokuwa ukinitumia kwa Mama, "Mwanangu, jiepushe na kileo"? Nimecheka mpaka mtoto akaamka.

Pipa nimelitoa nje na kulisugua. Kutu hakuna hata ya dawa. Shaba inang'aa, koki inageuka, na kule chini kwenye mshono kuna pete nene ya kijivu inayozunguka pande zote, laini kama imepakwa siagi. Kazi ya mkono wako hiyo, Baba Mkubwa, kwa nini nikaitupe nikatafute plastiki? Nimeshaanza.

Mara ya kwanza niliaibika. Kimea nilikisaga laini mno, kikaganda, koki ikaziba kama pua yenye mafua. Nilikoroga mpaka bega likauma. Nifanyeje?

Ngoja nikwambie hasa kwa nini nataka bia hii. Mtoto tutamtoa nje mwezi ujao tukaribishe watu, nami nataka kuwapa kitu nilichokitengeneza mwenyewe. Lakini zaidi nataka Baba akae mbele, kwenye kiti, amshike mjukuu wake. Hajamshika hata siku moja. Nikimpa anarudi nyuma, anasema, "Mkono uliomkata mtu sikio haushiki mtoto." Namwambia, "Baba, mkono unaomshika ni huo mwingine." Ananijibu, "Mwenye mikono ni yuleyule." Wageni wakija anakaa nyuma ya mlango wa jikoni. Hajaonja pombe tangu alipoapa kuiacha kwenye ule mkutano wenu wa ukoo, na bado anatembea kama mtu anayenuka.

Sasa sikiliza ajabu. Nilipofungua pipa na ile harufu ya kimea ikatoka, Baba alikuja jikoni mwenyewe. Alisimama kwanza mlangoni. Kisha akasema, "Maji yako yamezidi moto, mama." Alijua kwa kutazama mvuke. Tangu siku hiyo tunapika pamoja. Bia hataki hata kuisogelea, ila yale maji matamu anasema bado si pombe, hayavunji kiapo. Kwa hiyo mwisho wa maji namwachia humohumo ndani ya pipa, yanakaa na ujotojoto mpaka asubuhi, yanachachuka kidogo kama anavyopenda, naye anajikingia kikombe kwenye koki kila akiamka. Anapiga hadithi, Baba Mkubwa. Hapa mbele, palipokuwa chumba chake cha kunyolea na sasa ni duka langu la mikate, bado kuna kile kioo chake kikubwa ukutani. Juzi alisimama mbele yake akaniigizia wateja wake wa zamani mmoja mmoja. Wewe pia alikuigiza. Unafumba macho ukinyolewa, kumbe.

Ni pipa lako lililonirudishia baba. Nilikua bila yeye, wajua. Siwezi kulitupa.

Binti yako, Mwokaji


2 Machi

Mwanangu,

Kuganda kwa kimea: usikisage, kipasue tu, punje ibaki na ganda lake. Changanya na makapi ya mpunga yaliyooshwa, konzi kadhaa. Na ukianza kutoa maji usifungue koki yote kwa pupa. Iache itiririke kama uzi mpaka nafaka ijipange yenyewe.

Kuhusu baba yako, mkataze yale maji ya asubuhi. Umri wetu hautaki sukari. Na chochote kilicholala ndani ya chombo cha zamani huharibika. Mwambie nimesema mimi, akubali.

Kwa kuwa hukutaka kunisikia, nimemwomba muuguzi wa hapa akaninunulia kasha la barafu, jeupe, lenye koki tayari. Litakufikia kwa basi la mizigo. Linatosha kwa kila unachotaka. Pipa lile nakuomba ulitoe nyumbani, wala usimpe mtu mwingine; lizike. Najua ni neno la ajabu kuhusu pipa. Mchukulie mzee wako kwamba ana mambo yake.

Nimeichana barua hii mara kadhaa. Muuguzi ananitania kwamba namwandikia mchumba.

Baba yako Mkubwa


10 Machi

Kwa Kaka Mwalimu,

Shikamoo. Naandika kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo usinisahihishe kwa wino mwekundu. Herufi zikiinama ujue na mwandishi ameinama.

Kasha lako limefika. Zuri sana, tumelitilia soda. Binti anasema kaka yangu amekuwa na wasiwasi kama kuku anayeatamia. Nikamwambia, mwache, alikuwa hivyo tangu tukiwa wadogo, aliyapima maji ya kuoga kwa kipimajoto.

Ameniambia pia kwamba umemtobolea ile siri ya pipa. Kaka, ulinishtua. Mimi nilikuwa nimejipanga kwenda nayo kaburini. Siku ile ya mkutano, shangazi aliponiuliza, "Nani alikufundisha uchafu huu?" ulikuwa umekaa mbele yangu na koti lako la mkuu wa shule, nikasema nilijifundisha mwenyewe. Lilikuwa neno dogo. Wewe ulikuwa na shule nzima mgongoni, mimi nilikuwa na kiti kimoja na wembe. Sikukulaumu, na leo sikulaumu. Ungelikuwa umeanguka na wewe, nani angetusomeshea watoto?

Tena nimekuwa nikifikiri. Tulikuwa tunakunywa wote wawili. Wewe ulipoambiwa na tumbo lako kwamba una vidonda, uliacha siku hiyohiyo, hukuangalia nyuma. Mimi nikaendelea, nikawa nakwangua hadi chini ya pipa. Mpaka mkono wa kulia ukalegea, mpaka nikamkata karani wa posta sikio, mpaka mke wangu akafunga mzigo akaondoka na mtoto. Bia ni ileile, pipa ni lilelile. Tofauti ni moyo wa mtu. Kwa hiyo nilipopiga magoti mbele yako nilijua nampigia aliye bora kuliko mimi, na ninakushukuru mpaka leo kwa ule ukali. Ulilifungia pipa stoo kwa mkono wako, na kweli nikapona tumbo na kichwa. Mkono tu ndio haukurudi.

Sasa nina swali, na nakuuliza wewe kwa kuwa umesoma. Mtu anaweza kulewa kwa maji matamu? Maana tumbo limeanza tena kuninyonga, vilevile kama zamani, kama mtu anakamua shuka. Choo sipati. Na huu mkono wa kushoto, uliobaki, kikombe kinaanza kuuelemea. Nami sijaonja bia, Kaka. Naapa kwa mjukuu ambaye sijamshika. Lakini labda mwili wa mlevi hauhitaji pombe, unalewa kwa harufu. Kama nimevunja kiapo bila kujua, niambie. Usinionee haya.

Mdogo wako, Wembe


14 Machi

Baba Mkubwa,

Nakuandikia mbiombio. Jana Baba aliangusha kikombe, akakiokota, kikaanguka tena. Uso umempauka. Anasahau neno katikati ya sentensi. Mama aliniambia dalili zake za zamani, ni hizihizi, moja baada ya nyingine.

Nimefanya jambo ambalo najuta. Nilidhani anakunywa kwa siri. Nilipekua chumba chake, nikapindua godoro, nikanusa chupa ya mafuta ya nywele. Sikupata kitu. Nikamwambia, "Baba, nimeshajua, bora useme." Alishika ukingo wa meza, akajishusha, akapiga magoti mbele yangu, kwenye unga uliomwagika sakafuni. Baba yangu. Akasema, "Nisamehe, mama, sijui ninakunywa saa ngapi."

Sijui la kufanya. Anakuogopa wewe tu. Mwandikie ukali kama ule wa zamani, labda utamsaidia. Nakuomba.

Mwokaji


17 Machi

Mwanangu,

Muuguzi amekupigia simu asubuhi hii na kukusomea niliyoandika kwenye kibao, na umesema mnaelekea hospitali. Nayaandika tena ili daktari ayaone kwa macho yake.

Baba yako halewi. Amekula sumu, naye aliila zamani vilevile. Ile pete ya kijivu chini ya pipa ni madini ya risasi. Mshono ulikuwa unavuja. Nikayeyusha vyuma vya ndani ya betri chakavu za gari, nikamimina kuzunguka pembe yote. Niliona nimefanya ufundi. Maji ya kimea yana uchachu kidogo. Yakikaa ya moto juu ya risasi huilamba, na kadiri yanavyolala ndiyo yanavyolamba zaidi. Mimi nilikuwa nakunywa bia ya kwanza iliyotoka, kikombe kimoja, viwili. Baba yako ndiye aliyependa ile iliyolala chini mpaka ikachachuka. Sumu yote ilikuwa yake.

Risasi hunyonga tumbo, huvuruga akili, hukata nguvu za mkono kwenye kifundo, hasa ule unaofanya kazi nyingi. Mkono wa kinyozi. Daktari apime damu. Wewe pia upimwe, hasa kama unanyonyesha. Pipa lisiguswe na mtu.

Aliniuliza siku ile nikimimina, "Kaka, hii haina madhara tumboni?" Nikamjibu, "Kati yetu nani amesoma?" Akacheka, akainua taa.

Mwambie hakuvunja kiapo. Mwambie leo hii, kabla hata ya dawa.

Baba yako Mkubwa


2 Aprili

Baba Mkubwa mpendwa,

Tumerudi nyumbani. Damu yake ilikuwa imejaa risasi. Daktari alisema alifika kwa wakati. Amewekewa dawa ya kuitoa na ataendelea nayo. Mkono wa kushoto utapata nguvu. Wa kulia alitikisa kichwa, ni wa zamani mno. Mimi na mtoto tumepimwa, tuko salama, kwa kuwa maji yale sikuyapenda, nilikuwa naonja kwa ncha ya kijiko. Pipa limechukuliwa na watu wa afya, limefungwa kwa utepe kama mwizi.

Lakini si hilo ninalotaka kukuandikia. Nilimsomea barua yako wodini. Nilipofika "hakuvunja kiapo" akaniambia nirudie. Nikarudia. Akasema, "Tena." Mgonjwa wa kitanda cha pili naye akasema, "Msomee tena mzee, tusikie sote." Kisha Baba akaanza kucheka, kicheko sijapata kukisikia, cha mtu aliyevuliwa viatu vinavyobana. Akamwambia yule jirani, "Unasikia? Mimi si mlevi. Mimi nilikuwa nakunywa betri."

Jioni ile ile akamwomba muuguzi kitana.

Jumapili tulimtoa mtoto. Baba alikaa mbele, kwenye kiti chake cha kinyozi nilichokipangusa vumbi, chini ya kile kioo, mtoto amelala kwenye mapaja yake na ule mkono uliolegea umemfunika kama kitambaa. Kila aliyeingia alisimuliwa habari ya betri, na kila aliyetoka alikuwa ameisikia si chini ya mara mbili. Karani wa posta alikuja, na nusu ya sikio lake. Baba akamwambia, "Lete na lile jingine tusawazishe." Mzee wa watu akacheka akamkumbatia.

Watu wengine walianza kunong'ona juu yako. Shangazi alisema, "Basi mwalimu ndiye aliyemwua mdogo wake, kisha akamhukumu." Baba alimkatiza mbele ya wote. Alisema, "Kaka hakujua. Mimi namjua Kaka. Angejua, angeupasua mlango wa stoo kwa kichwa chake alivunje lile pipa. Aliye hai asiseme neno juu ya mtu asiyejua."

Amenituma nikwambie hivi, kwa maneno yake: "Kaka, tumemaliza. Ulikosea kwa kutokujua, nami nililia kwa kutokujua, tuko sare. Lala." Nami, niliyekua nikimwonea haya baba yangu, nasema vilevile. Kama hukujua, hakuna deni.

Akipata nguvu tutakuja kukuona. Anataka akunyoe kwa mkono wa kushoto. Anasema ufumbe macho kama kawaida.

Binti yako, Mwokaji


9 Aprili

Mdogo wangu,

Barua hii ni yako, binti akusomee, na asiruke mstari. Akisita, mwambie, "Endelea." Kalamu ameishikilia muuguzi pamoja nami, kwa hiyo yeye ni wa kwanza kujua, na tangu sentensi ya pili ameacha kunitania.

Mmenitumia msamaha. Nimekaa nao siku kadhaa mezani kwangu, karibu na dawa. Ningeweza kufa nao. Nilikuwa karibu kufanya hivyo. Siku hizi kufa kwangu si kazi kubwa, ni kutokuamka tu. Lakini umewaambia watu neno moja mbele ya mjukuu wako, na neno hilo si kweli, nami siwezi kukuacha uwe umesema uongo kwa ajili yangu mara ya pili. Mara ya kwanza ulimwambia shangazi kwamba ulijifundisha mwenyewe.

Unakumbuka nilivyokuwa nikija kunyolewa Jumamosi asubuhi, kabla hujafungulia wengine. Unasema nilifumba macho. Siku moja niliyafumbua. Ulikuwa unanisimulia habari za bwana mmoja aliyekuja kunyoa ndevu ambazo hana, ukacheka ukiwa umeinua kichwa, na kwenye kile kioo nikaona kinywa chako chote. Kwenye ufizi, juu ya meno, ulikuwa na mstari wa buluu, mwembamba, kama umechorwa kwa wino. Nilikuwa nimewafundisha wanafunzi wangu mstari huo. Nilikuwa nimeuchora ubaoni. Hauletwi na bia wala na uchafu wa meno, ila na risasi. Ulinishika kidevu ukauliza, "Nimekukata?" maana nilikuwa nimeshtuka. Nikasema hapana.

Nilirudi nyumbani nikajitazama. Wangu ulikuwa bado mwepesi, kama kivuli.

Sikuwahi kuwa na vidonda vya tumbo. Uliandika kwamba niliacha kwa nguvu ya moyo. Niliacha kwa sababu nilijua kilichomo ndani ya pipa. Nilikwambia ni vidonda, ukaniambia pole, na jioni hiyo ukanywa sehemu yako na sehemu yangu, nami nimeketi hapo na kikombe cha maji.

Nilijiambia nitasema wiki ijayo. Wakaguzi walikuwa wanakuja shuleni. Jina langu lilikuwa mezani kwa ajili ya ukuu. Kukuambia usinywe ilibidi niseme kwa nini, na kusema kwa nini ilikuwa kusema nani aliyeliziba, na aliyeliziba ni mwalimu wa kemia aliyesahau kemia yake, jikoni, akipika pombe. Ningeweza kulitoboa pipa kwa msumari usiponiona. Nilichukua msumari huo. Nilikaa nao mfukoni mwa koti mpaka ukatoboa kitambaa. Kila Jumamosi niliutazama mkono wako ukianza kuinama kwenye kifundo, nami nikaendelea kukaa kwenye kiti chako, nikikupa shingo yangu, kwa sababu kubadilisha kinyozi kungeleta maswali.

Wakaguzi walikuja, wakaenda. Nikapewa ukuu. Hapo hakukuwa tena na sababu, nami bado sikusema, maana sasa ningepaswa kueleza kwa nini nilikawia. Kukawia ndiko kulikonifunga. Kisha ukamkata karani sikio.

Shangazi akaitisha mkutano, wakaniweka mimi niongoze, kwa kuwa ndimi niliyesoma. Mkeo alikaa karibu na mlango na mtoto mgongoni, mtoto huyuhuyu anayekusomea. Kabla hatujaingia aliniuliza faraghani, "Shemeji, niambie kweli, atapona au niondoke?" Nilikuwa na jibu. Jibu lilikuwa vunja pipa, atapona. Nikamwambia mlevi hujua mwenyewe siku yake. Akaenda kufunga mzigo.

Mwanangu, nimekwambia usiruke. Hapo ndipo ulipompoteza baba yako. Si kwenye bia.

Wewe Wembe ulisimama katikati ya chumba, mkono wa kulia unaning'inia, ukasema hujui kwa nini mwili wako unakataa, kwamba unakunywa kama watu wote, si zaidi. Ulinitazama mimi. Ulikuwa ukiniuliza. Chumba kizima kilikuwa kinangoja mwenye elimu aseme neno, nami nililiona kinywani mwako ulipokuwa unaongea, ule mstari, bado upo, wa buluu kuliko siku ya kioo.

Nikakwambia piga magoti. Nilikuwa najua.

Kaka yako